Barua ya wazi kwa wakuu wa vyuo vikuu: mleteni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, na mje naye

Kwa Makamu Wakuu wa vyuo vikuu nchini Tanzania,
Kwa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU),
Nakala kwa wakurugenzi wa halmashauri zenye vyuo vikuu.

YAH: SEMINA YA MWAKA WA KWANZA INAYOUNGANISHA DARASA NA KAZI YA KUJITOLEA

Waheshimiwa,

Mimi ni mwalimu wa darasa la pili katika shule ya msingi ya serikali, Manispaa ya Ubungo, Dar es Salaam. Kutoka getini kwetu hadi chuo kikuu ni daladala moja tu. Nawaandikia nikiwa upande wa wenyeji, yaani sisi tunaowapokea wanafunzi wenu wanapokuja kujitolea.

Ombi langu ni hili. Kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, awe wa uhandisi, wa sheria au wa ualimu, apewe semina moja ya kundi dogo, yenye krediti, inayokwenda mwaka mzima. Sehemu ya semina hiyo ifanyike chuoni kwa kusoma na kujadiliana. Sehemu nyingine ifanyike kwa majirani wa chuo: shule ya msingi, zahanati, ofisi ya serikali ya mtaa, kikundi cha watu wenye ulemavu, popote penye kazi ya kweli inayosubiri mikono. Na mwalimu wa semina naye afike huko. Hilo la mwisho ndilo zito kuliko yote.

Hali ya sasa ni hivi. Simu inapigwa Alhamisi, wageni wanafika Jumamosi. Basi linashusha vijana waliovaa fulana mpya zenye jina la klabu yao, bango linafungwa ukutani mwa ofisi, uwanja ambao watoto walishaufagia Ijumaa unafagiliwa tena, madaftari na sabuni vinagawiwa, picha zinapigwa, na saa saba mchana wameondoka. Siwabezi hata kidogo. Wamechangishana wenyewe, wamekodi basi wenyewe, na madaftari yale tunayatumia mpaka karatasi ya mwisho. Kinachoniuma ni kwamba chuo hakijawapa njia ya kufanya zaidi ya hapo. Jumatatu wanarudi kwenye ukumbi wa mamia ya watu, na hakuna mtu wa kuwauliza waliona nini.

Kwenye kumbi hizo hizo wanasoma Taaluma za Maendeleo, kozi ambayo kila mwanafunzi anaiita DS, pamoja na Stadi za Mawasiliano. Nimesoma DS, na watoto wa ndugu zangu wameisoma. Unajaza kurasa nne juu ya sababu za umaskini, unaomba Mungu usipate sapu, yaani mtihani wa marudio, mtihani ukipita umesahau. Kijana anaweza kumaliza kozi hiyo kwa alama nzuri bila kukanyaga mkutano wa mtaa anakopanga chumba, na bila kumjua mwenyekiti wake kwa sura. Kosa si la walimu wa DS. Ukiwa na wanafunzi mia tano na kipaza sauti kimoja, utafundisha unavyoweza.

Niwaonyeshe ninachokiona kinawezekana. Tuliwahi kumpata kijana wa mwaka wa kwanza wa uhandisi aliyepanga chumba nyuma ya shule yetu. Alikuja mwenyewe kuomba kusaidia, akaruhusiwa na mwalimu mkuu, akawa anakaa na watoto wanne kwenye ngazi za stoo ya vitabu kila alipokuwa na nafasi mchana. Mmoja wao alikuwa binti ambaye kwangu alikuwa akisoma vizuri tu. Siku moja yule kijana, bila kukusudia, aliweka kiganja juu ya picha wakati binti anasoma. Binti akanyamaza. Akatoa mkono, binti akaendelea: "Mama anateka maji kisimani." Akafunika tena, kimya. Alikuwa amezikariri sentensi zote kwa kufuata picha, na herufi hazijui.

Kijana alinifuata ofisini ameshtuka. Nikamwonyesha namna ya kuanza upya na silabi, ba, be, bi, bo, bu, na jinsi ya kukata kadi kutoka kwenye maboksi ya sabuni ili mtoto apange maneno kwa mkono. Kabla hajaondoka akaniuliza, "Mwalimu, mna watoto wangapi darasani?" Nikamwambia mia moja na thelathini. Akauliza, "Kwa nini wako wengi hivyo?" Kengele ya mkondo wa mchana ilikuwa imeshalia, nikaondoka bila kumjibu.

Waheshimiwa, swali lile lilikuwa linahitaji mwalimu wa chuo kikuu, na hakukuwa naye. Jibu lake ni somo zima. Mtu angemsomesha waraka wa elimu bila ada uliotoka mwishoni mwa 2015, kisha wakatazama jinsi uandikishaji ulivyopanda kuanzia Januari 2016, kama ulivyopanda tena ada ya shule za msingi ilipofutwa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Angemwonyesha kwamba kiwango cha serikali ni mwalimu mmoja kwa watoto 45. Wangeifuata ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mtoto kwa mwaka, waone kiasi kinachofika shuleni, kiasi kinachobaki kwa ajili ya vitabu, na kama inatosha chaki. Mwanafunzi wa uchumi ana la kuuliza hapo, wa sheria analo, na wa uhandisi angetaka kujua kwa nini jengo la madarasa mawili linagharimu linavyogharimu. DS nzima iko kwenye darasa langu la pili, na mlango uko wazi.

Mitihani ilipokaribia kijana yule aliacha kuja. Muhula uliofuata alihama chumba. Simlaumu, hakuwa na deni kwetu. Kozi weki yake, kazi za muhula zenye alama, ilikuwa inamsubiri na saa alizokaa kwenye ngazi zile hazikuandikwa popote. Lakini watoto wanne walikuwa wamefika kwenye silabi za herufi tatu, na hapakuwa na mtu wa kupokea kijiti. Mtoto wa miaka minane akizoeshwa mtu kisha mtu yule akapotea, msimu ujao hamkaribii mgeni mwingine haraka. Ndiyo maana nasisitiza mwaka mzima, mahali pamoja, na kundi linalokabidhi daftari la maendeleo kwa kundi linalofuata.

Najua neno "lazima" lina historia yake hapa kwetu. Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam waliandamana hadi Ikulu kupinga Utumishi wa Taifa wa miaka miwili kwa asilimia 40 ya mshahara. Mwalimu Nyerere aliwarudisha makwao zaidi ya 300, na papo hapo akaupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Miezi michache baadaye, Machi 1967, ikaja sera ya Elimu ya Kujitegemea, iliyotaka shule ziunganishe masomo na kazi za mikono. Mwaka 1974 Azimio la Musoma likataka vijana wafanye kazi kwanza ndipo waingie chuo kikuu. Sikubaliani na wanaosema mipango ile ilishindwa kwa sababu vijana wetu ni wabinafsi. Naona tatizo lilikuwa kwamba kazi na masomo viliwekwa mbalimbali: kazi ilikuwa kabla ya chuo, au baada yake, au shambani kwa jembe, na hakuna aliyekaa na kijana kumsaidia kuunganisha alichokiona na alichokisoma. Hata leo wengi wanafika kwenu wametoka Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria. Mikono wanayo na nidhamu wanayo. Wanachokosa ni mtu wa kufikiri naye.

Wenzetu wamefanya. Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, kilipopokea wanafunzi wake wa kwanza wa udaktari mwaka 1990, kiliwapeleka kwenye jamii na vituo vya afya tangu mwaka wa kwanza, chini ya mpango wao wa elimu na huduma ndani ya jamii uitwao COBES, na wamekwenda nao hivyo. Strathmore ya Nairobi humtaka mwanafunzi wa shahada ya kwanza atimize saa 200 za huduma kwa jamii. Na hatuna haja ya kuvuka mpaka. Mwaka 2011 wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi walikaa na wakazi wa Tandale wakachora ramani ya mtaa ule, kichochoro kwa kichochoro. Desemba ya mwaka huo huo mafuriko yaliua watu Dar es Salaam, na waliopoteza nyumba bondeni wakapelekwa Mabwepande, pembezoni mwa jiji. Kuanzia 2015, kupitia mradi wa kuchora ramani uitwao Ramani Huria, wanafunzi wa Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakaingia kwenye kata zinazofurika wakichora barabara, nyumba na mitaro pamoja na wenyeji. Mkazi anajua maji yalifika dirisha lipi. Mwanafunzi anajua kuliweka dirisha hilo kwenye ramani. Kazi ile ilifaa kwa sababu kila mmoja alileta alichonacho, na kilichopatikana mtaa ukakitumia.

Sasa niingie kwenye utaratibu, maana najua mkikaa kwenye Seneti mtaulizana hayo.

Krediti. Kwa utaratibu wa TCU krediti moja ni saa 10 za kujifunza. Semina ya krediti 12 ni saa 120 kwa mwaka. Nusu, saa 60, ziwe za kazi: saa tatu kwa wiki kwa wiki 20. Nusu nyingine iwe ya kukutana, kusoma na kuandika. Tafadhali msiziongeze juu ya mzigo walionao. Zitoeni kwenye DS na Stadi za Mawasiliano, kwa sababu semina hii itazifundisha zote mbili. Badala ya kumfundisha kijana kuandika muhtasari wa kikao cha kubuni, mpelekeni akaandike muhtasari wa kikao cha kamati ya shule, halafu mwenyekiti wa kamati amwambie kama kilichoandikwa ndicho kilichosemwa.

Kalenda. Hapa mipango mingi hukwama kwa kuwa mpangaji hajatuuliza. Ninyi mnafungua mwishoni mwa Oktoba au Novemba. Sisi tunafunga mwanzoni mwa Desemba. Mkituletea vijana wiki ya pili ya muhula wenu, watakuta madarasa yako kwenye mitihani ya kufunga mwaka na mwalimu hana hata dakika. Novemba na Desemba tumieni kuwaandaa: wasome, wajue KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) inafundishwaje, wajue Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema nini juu ya mtu mzima anayekaa na watoto, wazoee kusikiliza. Wafike kwetu Januari shule zikifunguliwa, na wakae hadi mtakapofunga.

Vibali. Barua ya utambulisho kutoka chuoni huenda kwa mkurugenzi wa manispaa, ikashuka kwa afisa elimu, ikaenda kwa afisa elimu kata, ndipo imfikie mwalimu mkuu. Kwa mwanafunzi mmoja mmoja, muhula unaisha barua iko mezani kwa mtu. Chuo na manispaa watiliane saini hati moja ya makubaliano kwa mwaka mzima, ikiwa na majina ya wanafunzi wote na shule zote. Hili halihitaji fedha.

Nauli. Bodi ya Mikopo hutoa shilingi 10,000 kwa siku kwa ajili ya chakula na malazi, na kuna wengi wasiopata bumu, yaani fedha hizo za mkopo, kabisa. Nauli ya daladala ilipopanda mwisho wa 2023, safari isiyozidi kilomita 10 ilitoka shilingi 500 hadi 600. Kwenda na kurudi mara moja kwa wiki kwa miezi mitano ni fedha kwa mtoto wa mkulima aliyetoka Sikonge. Wapangieni mahali pa kutembea kwa miguu. Mitaa ipo imewazunguka pande zote, na kazi iko hapo hapo nje ya geti.

Walimu. Hili ndilo gumu na sitajifanya silijui. Chuo kinachopokea wanafunzi 3,000, kwa makundi ya watu 20, kinahitaji makundi 150. Lakini mnao wakufunzi wasaidizi, mnao wanafunzi wa uzamili, na mnao wastaafu waliojaa busara ambao wangefurahi kuitwa. Anzeni na makundi kumi. Ninachowasihi msikipunguze ni kimoja: yule anayesimamia kundi afike kwa mwenyeji angalau kila mwezi, akae dakika arobaini, aone. Akiishia kusoma ripoti tu, semina itarudi kuwa Jumamosi ya fulana, safari hii ikiwa na alama.

Tathmini. Mwenyeji apewe sehemu ya alama, hata asilimia 20. Mimi ndiye ninayejua kama kijana alifika saa nane au saa tisa na nusu, kama alimfokea mtoto, kama alijifunza majina yao. Na mwenyeji naye ahesabiwe: mwisho wa mwaka wanafunzi waseme kama tuliwapa kazi ya maana au tuliwafanya wabeba madawati. Shule nyingine, na zahanati nyingine, zitawageuza vibarua wa bure msipoangalia. Nimeona vijana wa kujitolea wakiachiwa darasa zima peke yao wakati mwalimu kaenda kwenye shughuli zake, na jambo hilo ni kosa kwa watoto na kwa kijana. Andikeni wazi kwamba mwanafunzi wa semina hachukui nafasi ya mwalimu wala ya muuguzi.

Lugha. Naomba ripoti ya mwisho iandikwe kwa Kiswahili. Najua chuo kinafundisha kwa Kiingereza, na sina ugomvi na hilo leo. Lakini ripoti ya kile kilichoonekana kwetu ni mali yetu pia. Tumezoea watafiti kutuuliza maswali mpaka jioni, wakaondoka, na walichokiandika hatukioni. Ripoti isomwe kwenye mkutano wa wazazi au wa mtaa, kijana asimame mbele aulizwe maswali na bibi anayemlea mjukuu. Atajiandaa kuliko anavyojiandaa kwa mtihani wowote, na siku hiyo stadi za mawasiliano atakuwa amezifanya kweli.

Kuna atakayesema kujitolea kwa alama hakuitwi kujitolea. Nimelifikiria hili sana, maana mimi mwenyewe napenda mtu aje kwa moyo. Ila naona mambo mawili. Kwanza, mtoto anayejifunza kusoma haulizi aliyekaa naye amesukumwa na nini. Anahitaji arudi wiki ijayo. Pili, moyo huo wengi huupata wakiwa kazini. Utafiti wa Uwezo, ulioanza kupima watoto wetu kusoma na kuhesabu mwaka 2010, ulitegemea vijana wa kujitolea waliopewa mafunzo kisha wakaenda nyumba kwa nyumba. Walipewa kazi inayoeleweka, kifaa cha kuifanyia, na maelekezo ya nini cha kufanya na nini cha kuacha. Heshima kwa anayejitolea inaanzia hapo, kwa kumwandaa.

Kwa nini sasa? Kwa sababu mitaala yenu iko mezani. Mradi wa HEET, wa kuboresha elimu ya juu kwa Dola za Marekani milioni 425 za mkopo wa Benki ya Dunia, ulianza 2021 na sehemu yake ni kuhuisha mitaala ya vyuo vikuu. Sera ya Elimu na Mafunzo, toleo la 2023, ilizinduliwa Dodoma tarehe 1 Februari 2025, na msisitizo wake ni ujuzi. Kila mkutano nasikia wahitimu hawaajiriki, hawajui kufanya kazi na watu, hawajui kutatua tatizo. Mkisubiri mpaka mwaka wa pili au wa tatu, kwenye fildi (mafunzo kwa vitendo) ya wiki nane, mtakuta tabia ya kukariri imeshakomaa. Mwaka wa kwanza ndipo kijana bado anauliza "kwa nini wako wengi hivyo". Mkiikosa nafasi hii mtaala ukafungwa, kuufungua tena ni kazi ya miaka.

Kwa upande wetu tuko tayari. Nimezungumza na walimu wenzangu wa darasa la kwanza na la pili, tuko radhi kupokea kundi moja la wanafunzi 20 kuanzia Januari, mkondo wa asubuhi na wa mchana, kila mwanafunzi na watoto wanne. Tuna benchi nne, stoo ya vitabu yenye dirisha, na orodha ya watoto tuliowapima ambao bado hawajasoma. Tunachoomba kutoka kwenu ni jina la msimamizi na barua ya manispaa kabla shule hazijafungwa Desemba, ili tupange ratiba ya zamu zote mbili na kuwaita wazazi kikaoni tuwaeleze ni nani atakayekaa na watoto wao. Jibu lipitie kwa afisa elimu kata wetu, atatufikishia.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa darasa la pili,
Ubungo, Dar es Salaam.